Waraka kwa Wanachama Wote: Majeruhi Hanyanyuliwi Kabla Kichwa Chake Hakijashikwa

KWA: Waendesha bodaboda na bajaji wote wa chama chetu, viongozi wa vijiwe na wajumbe wa kamati
KUTOKA KWA: Katibu
YAH: KUMHAMISHA AU KUTOMHAMISHA MTU ALIYEUMIA AJALINI

Ndugu wanachama,

Waraka huu usomwe kwa sauti katika kila kijiwe, usomwe taratibu, na asiyekuwapo siku hiyo asomewe na mwenzake. Hauhusu michango wala zamu za maegesho. Unahusu mikono yetu, na kile tunachokifanya nayo katika dakika tano za kwanza baada ya mtu kuanguka.

Sisi tunaoegesha kando ya Barabara ya Morogoro, kuanzia Kibaha hadi njia panda ya Chalinze, ndio tunaofika wa kwanza. Polisi wanatukuta, Zimamoto wanatukuta, na gari la wagonjwa, likipatikana, linatukuta. Basi likipinduka, lori likigonga, pikipiki ikiteleza kwenye mchanga, uso wa kwanza anaouona majeruhi akifumbua macho ni wa mmoja wetu. Hatukuomba kazi hiyo, lakini tunayo, na inatupasa tuijue.

Swali lililoletwa kwenye kikao cha kamati ni hili: tukimkuta mtu kalala barabarani, tumnyanyue au tumwache? Kikao kiligawanyika. Wapo waliosema kumwacha mtu chini huku analia ni ukatili. Wapo waliosema asiguswe kabisa mpaka daktari aje. Tulibishana mpaka magharibi, tukakubaliana, nami nikapewa kazi ya kuyaandika tuliyokubaliana. Jibu la chama ni hili: majeruhi asihamishwe, isipokuwa pale alipolala patamuua kabla msaada haujafika. Na ikilazimu ahamishwe, ahamishwe akiwa amenyooka kama gogo, kichwa chake kikiwa mikononi mwa mtu asiye na kazi nyingine yoyote.

Mimi nilikuwa upande wa wanaosema asihamishwe, na nina deni la kuwaeleza kwa nini.

Nilishika mguu wa kulia

Miaka kadhaa iliyopita, alfajiri yenye manyunyu, mwenzetu mmoja aligongwa ubavuni na gari dogo akarushwa mpaka mtaroni. Tulifika watu wanne hata dakika mbili hazijapita. Alikuwa macho, akatutaja kwa majina. Alisema shingo inamuuma na mikono ina ganzi, kama mtu aliyeilalia usiku kucha. Hakuna aliyemsikiliza. Mmoja alimshika kwapa la kushoto, wa pili kwapa la kulia, wa tatu mguu wa kushoto, mimi nikashika mguu wa kulia, tukamnyanyua msobemsobe. Mpaka leo nakiona kichwa chake kilivyoning'inia nyuma, kofia ngumu bado imefungwa kidevuni, uzito wake ukikivuta chini. Tukamkunja ili aenee kwenye kiti cha bajaji. Njiani akaacha kulalamika maumivu, nasi tukamshukuru Mungu tukidhani amepata nafuu.

Hakutembea tena. Yuko hai, analea watoto wake, anauza vocha barazani kwake akiwa kwenye kiti cha magurudumu. Siku ile hospitalini tulimuuliza daktari: ni lile gari lililomvunja, au ni sisi? Akajibu kwamba hawezi kujua, na hakuna mtu atakayeweza kujua. Nimekaa na jibu hilo miaka yote hii. Mwenzetu mwenyewe ameniruhusu nisimulie habari yake, akaomba tu jina lake lisitajwe.

Ndugu zangu, siku ile hatukuwa watu wabaya. Tulimpenda. Tulikuwa na haraka ya kumwokoa, na haraka hiyohiyo ndiyo iliyotuziba masikio alipotuambia mwenyewe ni wapi panamuuma. Wahenga walisema wema usizidi uwezo. Uwezo ndio uliotupungukia, na uwezo unafundishika.

Kilichomo ndani ya shingo

Uti wa mgongo wa binadamu umejengwa kwa pingili 33, na 7 kati ya hizo ziko shingoni. Katikati ya pingili hizo pana tundu, na ndani ya tundu hupita kamba ya mishipa ya fahamu, nene kama kidole kidogo cha mkono. Kupitia kamba hiyo ubongo unauambia mguu ukanyage breki, unaambia vidole vishike klachi, unaambia kifua kivute hewa.

Mtu akirushwa kutoka kwenye pikipiki, pingili inaweza kuvunjika au kuteguka huku kamba yenyewe ikiwa bado nzima. Fikirieni wembe uliolazwa kando ya uzi. Ukiachwa ulipo, uzi unabaki mzima na daktari anaukuta hivyo. Ukikunja shingo, ukiizungusha, ukamkalisha mtu kwa nguvu, wembe unakwenda kwenye uzi. Mfupa ukivunjika huunga, hilo tunalijua sote. Wengi wetu tuna vyuma na makovu ya kuthibitisha. Kamba hiyo ikikatika haiungi. Ikiharibika usawa wa kiuno, miguu hufa ganzi. Ikiharibika shingoni, na mikono hupotea. Ikiharibika juu zaidi shingoni, pumzi yenyewe inaweza kusimama, kwa sababu mishipa inayoendesha upumuaji hutokea usawa wa pingili ya 3, ya 4 na ya 5 ya shingo.

Si kila anayeanguka amevunjika shingo. Wengi hawajavunjika. Lakini kwa macho huwezi kuwatenganisha, na wewe huna mashine ya eksirei kwenye tandiko la pikipiki. Kwa hiyo kanuni yetu iwe moja: kila aliyerushwa, kila aliyegongwa, kila aliyeanguka kutoka juu, kila aliyepoteza fahamu, na kila anayelalamika shingo, mgongo, ganzi au kushindwa kusogeza vidole, mhesabu kuwa uti wake umeumia mpaka daktari aseme vinginevyo. Akiinuka akasema yuko sawa, mbembeleze alale tena. Wako walioinuka na shingo iliyovunjika.

Usimhamishe mtu, hamisha magari

Sababu tunayoitoa kila mara ya kumkokota majeruhi ni kwamba yuko barabarani na magari yatamkanyaga. Ni hofu ya kweli. Lakini tazameni tunavyofanya: vijana kumi wanamzunguka majeruhi mmoja, na hakuna hata mmoja aliyekwenda kuyasimamisha magari.

Kuanzia sasa wawili wa kwanza kufika wasimguse majeruhi kabla barabara haijazuiwa. Mmoja aende upande wa Dar es Salaam, mwingine upande wa Morogoro, waende mbali, si hatua kumi, maana lori lenye mzigo likija kwa mwendo halisimami kwa hatua kumi. Kata matawi mabichi, yapange barabarani kama madereva wetu walivyozoea tangu enzi za baba zao. Vaa lile koti lako linaloakisi mwanga. Halikutengenezwa ili likunjwe chini ya tandiko. Ikiwa usiku, geuza pikipiki taa zake zimulike ajali, na washa taa za dharura za gari lolote lililosimama. Kazi ikiisha, matawi yaondolewe yote, yasije yakamwangusha mwingine.

Barabara ikishazuiwa, lami anayolalia majeruhi inakuwa mahali salama kuliko kiti cha bajaji. Apige magoti mtu mmoja nyuma ya kichwa chake, aweke viganja pande zote mbili za kichwa, viwiko vitulie juu ya magoti yake au chini, na kazi yake iwe hiyo tu. Asivute, asinyooshe kwa nguvu, ashike tu.

Nimewahi kuiona kazi hiyo ikifanywa sawasawa na mama mmoja anayechoma mahindi kando ya barabara. Kijana wa shule aligongwa mbele ya jiko lake. Yule mama aliacha mahindi yaungue, akapiga magoti kwenye lami ya saa saba mchana, akakishika kile kichwa kama mtu aliyeshika mtungi uliojaa. Kijana alitaka kugeuka amtafute ndugu yake, mama akainama juu ya uso wake akamwambia, "Usigeuke mwanangu, nitazame mimi, ndugu yako yuko hapa." Alikaa vilevile mpaka gari lilipopatikana. Alipoinuka magoti yake yalikuwa yamebabuka. Nilipomuuliza alifundishwa wapi, akasema aliwahi kuhudhuria mafunzo ya huduma ya kwanza ya Msalaba Mwekundu alipokuwa binti. Mchana mmoja wa mafunzo, akiwa msichana, ulimtosha kwa mtoto wa mtu mwingine miaka mingi baadaye.

Mambo manne yanayotulazimisha kumhamisha

Sasa nisikilizeni vizuri, maana wako watakaoshika nusu ya waraka huu wakamwacha mtu afe wakisema katibu amekataza asiguswe. Shingo ni jambo kubwa, lakini uhai hutangulia. Yako mambo manne ambayo yakitokea, mtu huhamishwa mara moja, hata kama hujui hali ya shingo yake.

La kwanza ni moto, au mafuta yanayomwagika. Tarehe 10 Agosti 2019 lori la mafuta lilipinduka Msamvu, Morogoro, kwenye barabara hii hii yetu. Watu walikusanyika kuchota petroli, moto ukalipuka, na zaidi ya watu 100 wakapoteza maisha, wenzetu wa bodaboda wakiwamo. Lori la mafuta likianguka, mwondoe aliyeumia haraka, ondokeni nyote, msiwashe pikipiki karibu, msivute sigara, na asionekane mwanachama wetu na dumu. Atakayeonekana na dumu amejitoa kwenye chama hiki.

La pili ni maji. Aliyeanguka kifudifudi kwenye mtaro uliojaa au mtoni hana muda wa kusubiri.

La tatu ni hatari usiyoweza kuizuia: gari linaloning'inia, ukuta unaoporomoka, nguzo ya umeme iliyolala, au magari ambayo mmejaribu kuyasimamisha mkashindwa. Kwa umeme, hakikisha kwanza hujaugusa wewe. Maiti wawili si msaada.

La nne ni pumzi. Ubongo ukikosa hewa huanza kuharibika ndani ya dakika chache, kama nne hivi. Mtu asiye na fahamu aliyelala chali anaweza kusongwa na ulimi wake, damu au matapishi. Ukisikia anakoroma au koo linagugumia kama mfereji, mgeuzeni ubavu, kichwa na kiwiliwili vikizunguka pamoja kwa wakati mmoja, ili uchafu utoke mdomoni. Na asiyepumua kabisa alazwe chali juu ya sehemu ngumu, taya lake lisukumwe mbele bila kukunja shingo, na kifua kibonyezwe katikati kwa viganja viwili, kwa nguvu na haraka, mara 100 hadi 120 kwa dakika, mkipokezana mnapochoka. Hapo usiogope shingo. Maiti hana haja ya shingo nzima.

Ikiwa uko peke yako na moto unakuja, mvute kwa kufuata urefu wa mwili wake. Shika nguo zake mabegani, kichwa chake kikae kati ya mikono yako, umburute ukirudi nyuma. Usimvute kwa mkono mmoja wala mguu mmoja, usimpindue kando. Aliyebanwa ndani ya gari ambalo haliwaki moto abaki kwenye kiti chake: zima injini, ingia kiti cha nyuma, mshike kichwa ukiwa nyuma yake, na mwongeleshe.

Wakati tunasubiri

Kumwacha mtu alipo si kumtelekeza. Kuna kazi tele ya kufanya hapo hapo alipolala.

Tazama damu kwanza. Mtu mzima ana damu kama lita 5 tu, na mshipa mkubwa wa paja ukikatika anaweza kuimaliza ndani ya dakika chache. Chukua khanga, fulana au kitambaa safi, bonyeza palepale inapotoka, na usiachie kila mara ili kuchungulia kama imekoma. Ikiloa, ongeza kitambaa juu yake, endelea kubonyeza. Ikiwa ni mkono au mguu na damu inaruka licha ya kubonyeza, funga mkanda mpana juu ya jeraha, upande wa moyo, ukaze mpaka ikome, na andika saa uliyofunga. Kitu kilichochoma kikabaki ndani, iwe nondo au kioo, usikichomoe. Huenda ndicho kinachoziba damu.

Mfupa uliovunjika usinyooshwe. Ufungwe kama ulivyo kwa ubao au fimbo mbili na vipande vya khanga, kiungo cha juu na cha chini yake visicheze.

Kofia ngumu isivuliwe. Fungua kioo chake apate hewa, mwachie ikae. Itavuliwa tu kama inazuia pumzi, na hapo wawe watu wawili: mmoja ameshika shingo na taya kutoka chini, mwingine anaitanua pembeni na kuivuta polepole. Kuing'oa kwa mkono mmoja kama kifuniko cha sufuria ni kuing'oa pamoja na shingo.

Usimpe maji, wala soda, wala chai ya sukari, hata akiomba kwa machozi. Yanaweza kuingia kwenye njia ya hewa, na anayekwenda kupasuliwa anatakiwa awe na tumbo tupu. Mloweshe midomo tu. Usimmwagie maji ili azinduke, usimpige makofi, usimkalishe. Mfunike kitenge au koti, maana aliyepoteza damu husikia baridi hata saa nane mchana Pwani. Mwambie jina lako, muulize lake. Aliyelala chini anasikia kila neno, kwa hiyo asitokee wa kusema mbele yake, "Huyu hafiki."

Wakiwa wengi, wapitieni wote kabla ya kuamua nani kafa. Tarehe 6 Mei 2017 basi dogo la shule moja ya Arusha lilitumbukia korongoni Karatu. Watu 35 walikufa, karibu wote wakiwa wanafunzi. Wamarekani wa kujitolea waliokuwa wakipita njia ile, miongoni mwao muuguzi, walisimama na kushuka korongoni, wakasaidia kuwatoa watoto 3 waliokuwa bado wanapumua. Watoto hao walipelekwa kutibiwa Sioux City, Marekani, wakarudi nyumbani mwaka huohuo. Wale wapita njia hawakuwa na gari la wagonjwa. Walikuwa wamefundishwa kutafuta pumzi.

Gari la wagonjwa lisipokuja

Najua mtakaloniambia. Katibu, vitabu vinasema subiri gari la wagonjwa, na huku kwetu unaweza kusubiri mpaka giza liingie. Ni kweli, na sitawaandikia kana kwamba tunaishi mahali pengine. Piga simu kwanza: 112 Polisi, 114 Zimamoto na Uokoaji, na namba ya kituo cha afya kilicho karibu, ambayo kila kijiwe kiwe kimeiandika kwa rangi mahali panapoonekana. Taja mahali kwa alama: daraja, kituo cha mafuta, msikiti, shule. Taja idadi ya majeruhi. Ukiambiwa gari linakuja, subiri. Ukiambiwa halipo, mtabeba wenyewe, na hapo ndipo ufundi unapohitajika.

Tafuteni kitu bapa na kigumu: mlango uliong'olewa bawaba, ubao wa duka, benchi letu la kijiweni lililogeuzwa. Aliyeshika kichwa ndiye kamanda, hata kama ni mdogo kuliko wote. Yeye pekee ndiye anayehesabu. Watatu wapige magoti upande mmoja, mikono yao begani, kiunoni na magotini. Kamanda akisema "moja, mbili, tatu," wanamgeuza kuelekea kwao kwa pamoja, pua ikiwa sambamba na kitovu, wa tano anausukuma ubao chini ya mgongo, kisha wanamrudisha kwa hesabu ileile. Pande mbili za kichwa zizibwe kwa makoti yaliyoviringishwa au hata viatu, mwili ufungwe kwa khanga kifuani, nyongani na magotini. Kichwa kisiachwe hata hapo.

Apakiwe kwenye gari lenye sakafu: kirikuu, pikapu, Noah iliyolazwa viti. Dereva aende mwendo wa kawaida na ayapande matuta kama aliyebeba mayai. Majeruhi anayeshukiwa kuumia uti asipakiwe bajaji akiwa amekunjwa, na kwa hali yoyote asibebwe mshikaki, katikati ya dereva na mtu anayemkumbatia kwa nyuma. Najua tumewabeba wengi namna hiyo. Mshikaki wa majeruhi ukome leo.

Kuhusu PF3, nasikia bado wapo wanaoogopa kumpeleka mtu hospitali wakidhani hatapokelewa bila fomu ya polisi. Viongozi wa Serikali wametamka mara kadhaa kwamba aliye mahututi atibiwe kwanza, fomu ifuate. Mpelekeni, na mwingine aende kituoni kuifuatilia. Mali za majeruhi zikusanywe mbele ya mashahidi wawili, zihesabiwe kwa sauti, zikabidhiwe polisi au ndugu. Anayempapasa mtu mifukoni wakati wenzake wameshika kichwa ametuvunjia heshima sote, na atafukuzwa.

Maazimio

Kamati imeazimia mambo yafuatayo, nayo yaanze kutekelezwa mara waraka huu ukishasomwa.

1. Kila kijiwe kiwe na ubao mmoja wa urefu wa mtu, wenye matundu ya kushikia pembeni, utakaotundikwa mahali pa wazi na kutotumika kwa kazi nyingine yoyote, hata kuanikia nguo.

2. Kila kijiwe kiwe na kisanduku chenye glovu, bendeji, vitambaa safi, mkasi, tochi na khanga nne. Fedha zitoke kwenye mfuko wa maafa, na kiongozi wa kijiwe aeleze kila mwezi kilichotumika.

3. Katibu awasiliane na Chama cha Msalaba Mwekundu Tanzania na uongozi wa kituo cha afya ili tupate siku ya mafunzo kwa vitendo. Atakayeikosa bila udhuru hatapangiwa zamu mpaka afundishwe.

4. Kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi, kabla ya kazi, kila kijiwe kifanye zoezi la dakika kumi: mmoja alale chini, watano wamgeuze na kumpakia. Wabadilishane, ili kila mmoja aonje kuwa yule aliyelala.

5. Akina mama lishe, wauza mahindi na wenye maduka ya kando ya barabara waalikwe kwenye mazoezi hayo. Wako pale hata sisi tukiwa tumepeleka abiria.

Ndugu wanachama, kazi yetu ni ya magurudumu mawili, na leo kwa mwenzio kesho kwako. Siku moja atakayelala kwenye ile lami, akisema shingo inamuuma na mikono ina ganzi, anaweza kuwa mimi, au wewe, au abiria uliyemchukua sokoni na kumwambia apande bila wasiwasi. Siku hiyo watakuja watu wanne wakikimbia, wenye mapenzi na wenye haraka, kama tulivyokuwa sisi alfajiri ile.

Nawaomba wa kwanza kufika asishike kwapa wala mguu. Kabla hajapiga magoti na kushika kichwa, aseme kwa sauti wenzake wasikie: "Subirini. Zuieni magari kwanza."

Wenu katika kazi,
Katibu wa Chama